Nilivyofuatilia figo zangu tangu ujauzito hadi miezi mitatu baada ya kujifungua

Kreatinini, yaani taka ya damu ambayo figo huichuja, ya mikromoli 85 kwa lita ni ya kawaida kwa mtu asiye na mimba. Kwa mjamzito inatakiwa kuchunguzwa. Figo zake huchuja damu karibu mara moja na nusu ya kawaida, hivyo kreatinini hushuka, mara nyingi chini ya 70. Karatasi ya maabara huonyesha viwango vya watu wote, kwa hiyo niliandika wiki ya mimba juu ya kila fomu ya kipimo. Kwenye daftari nikaweka presha, protini na kreatinini kwa mstari mmoja. Mwelekeo wa namba ulinisaidia kuliko jibu la siku moja.

Kijiti cha kupimia mkojo kilipoonyesha protini, nilikusanya mkojo wa saa 24. Hapa ndipo wengi wanakosea. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa na saa inaandikwa. Baada ya hapo kila tone linaingia kwenye chombo, hata la usiku, na kinawekwa mahali pa baridi. Kesho yake, saa ileile, unakojoa mara ya mwisho na mkojo huo unaingia. Ukihifadhi ule wa kwanza, protini itaonekana nyingi kuliko ilivyo. Ukimwaga mmoja katikati, itapungua. Protini kuanzia miligramu 300 kwa saa 24 si kawaida, hasa presha ikifika 140/90 baada ya wiki ya 20: hapo kifafa cha mimba kinanyemelea.

Kipimo cha picha kikisema mirija ya mkojo imepanuka, hasa upande wa kulia, usidhani mara moja kuna jiwe. Homoni hulegeza mirija na mji wa mimba huielemea. Ila mkojo unaotuama hualika bakteria. Homa na maumivu ya ubavu ni vya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Nilipojifungua sikuacha kupima presha, kwa sababu mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6. Maumivu nilituliza kwa parasetamoli; ibuprofeni na diklofenaki huweza kuumiza figo ambazo tayari zimepungukiwa nguvu. Mkojo wa wiki za mwanzo huchanganyika na damu ya uzazi na kuonyesha protini isiyotoka kwenye figo, kwa hiyo ni lazima kujisafisha vizuri na kukinga mkojo wa katikati, baada ya kuacha ule wa mwanzo upite.

Uchujaji hurudi kawaida ndani ya wiki 6 hadi 8 hivi, mirija ndani ya wiki 12. Miadi ya miezi mitatu ndiyo niliyoilinda kuliko zote, ingawa mtoto alikuwa mzima na mwili wangu haukuuma popote. Protini ikiwepo bado wakati huo, daktari anatafuta ugonjwa wa figo wenyewe, kwani huenda ulikuwepo kabla ya mimba. Nakala ya majibu yale ninayo, kwa ajili ya kliniki ya mimba ijayo.