Sister Nancy, wimbo wake ulimtangulia miaka 30

Juzi niko kinyozi nasubiri zamu, spika ikapiga Bam Bam, dogo mmoja pembeni akasema "aah hii si ya Jay-Z", nikashindwa kunyamaza. Jay-Z kaichukua 2017 bana, na Kanye West alishaitumia 2016 kwenye Famous, ila sauti yenyewe ni ya Sister Nancy na ilitoka 1982, dada wa watu ndo kwanza ana miaka 20.

Jina lake Ophlin Russell, kazaliwa Kingston, Jamaika, kwenye familia ya watoto 15. Kaka yake ni Brigadier Jerry, mchanaji mkali sana wa enzi hizo, na Nancy alianzia hukohuko kwenye saundi, yaani mitambo ya muziki ya mitaani, alizokuwa anachana kaka yake. Nancy ni dijei, na hapa watu wengi wanachanganya, kwa Wajamaika dijei siyo yule anayepiga sahani, huyo wao wanamwita selekta, dijei ndo mwenye maiki anayechana juu ya biti. Na maiki ya miaka ile ilikuwa ya wanaume, wanapokezana usiku kucha, sasa binti mdogo mpaka aipate na akishaipata asinyang'anywe, ujue anajua kweli.

Prodyuza Winston Riley ndo akamwingiza studio, wakaanza na Papa Dean, baadaye ikaja albamu ya One Two. Bam Bam iliingia mwishoni kabisa kwa sababu albamu ilikuwa imepungukiwa wimbo mmoja! Biti ni Stalag, ile besi nzito inayotembea taratibu, ilishakuwepo tangu miaka ya sabini mwanzoni na wengi walishaipitia, na kiitikio kinatokana na wimbo wa 1966 wa Toots and the Maytals, kundi la hukohuko Jamaika. Yaani vitu vyote vilikuwa vya zamani, kipya ni yeye tu, anavyoachia neno linaning'inia halafu analidaka mbele kidogo ya biti, mi hapo ndo huwa nasimama kabisa.

Kinachoniuma ni hela. Mwenyewe amesimulia kwamba Jamaika wimbo haukuvuma kivile, akahamia Marekani 1996, New Jersey, akawa anafanya kazi ya uhasibu benki, na alipoangalia filamu ya Belly ya 1998 ndo akausikia humo na kushtuka umefika mbali kiasi gani. Mama yuko benki anahesabu hela za watu huku sauti yake inachezwa klabu dunia nzima na yeye hapati kitu, miaka na miaka! Mpaka 2014 alipouona kwenye tangazo la viatu vya Reebok ndo akasema basi, akatafuta mwanasheria, na kwa maelezo yake akapata nusu ya haki za wimbo na malipo ya nyuma ya miaka 10. Miaka 10 kati ya 32, hesabu mwenyewe.

Benki akaacha, akarudi jukwaani, sasa anazunguka matamasha na watoto waliozaliwa juzi wanaimba naye neno kwa neno. Kwenye video ya Jay-Z pia yupo, ile iliyopigwa Jamaika.

Ila msiishie Bam Bam jamani, kwenye albamu ileile kuna Transport Connection, isikilizeni kwa spika yenye besi ya maana, siyo ya simu.