Siku ya fainali: saa kwa saa na timu ya shule yangu, Ujiji

Saa 12 asubuhi

Huku kwetu jua linachelewa. Dar es Salaam saa hizi kumeshapambazuka. Ujiji bado giza, mtu unamtambua kwa sauti yake. Naanua jezi kambani kwa kupapasa. Nilizifua mwenyewe usiku, kwa sababu leo ni fainali ya manispaa na sitaki kijana hata mmoja aingie uwanjani na tope la nusu fainali mgongoni. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Ujiji, mkoani Kigoma, na pia ni mwalimu wa michezo. Kazi hii ya pili haina kipindi kwenye ratiba, lakini ndiyo inayoniamsha.

Kwa asiyeijua UMISSETA, nieleze kidogo, maana bila hilo siku ya leo haitaeleweka. Ni mashindano ya shule za sekondari nchi nzima. Sisi tunaanza mwanzoni mwa mwaka kwa mechi za madarasa, kidato kwa kidato, na humo tunachagua timu ya shule. Timu hiyo inacheza ngazi ya kata, kisha manispaa, na shule inaishia hapo. Mbele ya hapo bingwa haendi kama bingwa. Inaundwa kombaini: wachezaji wazuri wanachujwa kutoka shule zote, wanakuwa timu moja ya halmashauri, halafu ya mkoa, na ya mkoa ndiyo inayokwenda taifa. Mwaka 2022 mashindano ya taifa yalikuwa Tabora, jirani zetu wa reli. Kwa hiyo timu yangu, ishinde isishinde, leo inacheza mechi yake ya mwisho ikiwa pamoja. Vijana wanajua. Hatujalizungumza.

Saa 12 na dakika 40

Napita mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, kabla ya kwenda shule. Beki wangu wa kushoto yuko pale kila asubuhi, anamsaidia mama yake kuanika dagaa kabla ya kuvaa sare.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Leo mnamrudisha saa ngapi?"

"Magharibi itakuwa imeshaingia, mama. Nitamleta mwenyewe mpaka nyumbani."

"Haya. Na mle kwanza, asiende kukimbia na njaa."

Anayefundisha mpira ukingoni mwa Ziwa Tanganyika anajifunza kufuata mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa; mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, na wavuvi wanapumzika. Siku hizo mazoezi yangu yanajaa. Mwezi ukififia, vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinarudi ziwani, dagaa wanashuka alfajiri, na nusu ya mabeki wangu wanafika mazoezini jioni wakiwa wameamka saa 10 usiku. Kuna watu walinishauri niwaache hao, nichukue wenye nafasi. Sikukubali na sitakubali. Kijana anayebeba makasia ya familia na bado anakuja kukimbia jioni ana kitu ambacho mimi siwezi kumfundisha mtu. Mazoezi ya mbio nikayapeleka siku za mbalamwezi. Siku za giza tukakaa na mpira tu, pasi fupi na mipira ya kurusha.

Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, niliona upande wa pili. Muda wa mazoezi ulikuwepo tele, lakini nyumbani mzunguko wa pesa ulipungua, na nauli ya kwenda mechini ikawa mjadala. Ziwa lipumzishwe, hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ila anayepanga kalenda ya michezo ya shule huku aitazame na kalenda ya ziwa.

Saa 1 na nusu

Paredi. Mkuu wa shule anatangaza mechi, shule nzima inapiga makofi, nahodha anasimama mbele akiwa ameinamisha macho. Yeye ni kidato cha nne, anacheza kiungo wa chini, namba sita, na tangu yuko kidato cha kwanza nimemwona akikaa kusubiri mwenzake wa mwisho afunge kamba za viatu ndipo atoke uwanjani.

Saa 2

Kipindi cha kidato cha tatu, Bonde la Ufa. Nawauliza ziwa letu ni la ngapi kwa kina duniani. Wanajibu kwa pamoja kwamba ni la pili baada ya Baikal. Kina chake? Mita kama 1,470, anasema winga wangu wa kulia, na anakaa haraka kabla sijamuuliza la zaidi. Akili haiko darasani na simlaumu. Hata hivyo tulikubaliana tangu mwanzo wa msimu: asiyeingia kipindi cha asubuhi hachezi jioni. Mwalimu wa Hisabati amewapa wa kidato cha nne zoezi mapema ili wasikose chochote, na kwa hilo namshukuru hadharani, kwa sababu wapo walimu katika nchi hii wanaoamini mpira unamwibia mwanafunzi mtihani.

Saa 4

Mapumziko. Wengine wanakunywa uji, mimi nina faili. Fomu za usajili, picha, namba ya usajili ya kila mwanafunzi, muhuri wa shule. Neno linaloogopwa kuliko yote katika UMISSETA ni mamluki, yaani mchezaji aliyepachikwa kutoka mtaani au shule nyingine. Beki wangu wa kati ni mrefu na ana ndevu chache. Msimu mzima kila shule tuliyocheza nayo imeuliza habari zake. Yupo rejestani tangu kidato cha kwanza. Napanga karatasi zake juu kabisa.

Ninachukia umamluki kwa sababu namjua anayelipa gharama yake. Anayelipa ni kijana wa kidato cha pili aliyefanya mazoezi toka mvua za kwanza, kisha siku ya mechi jezi yake anapewa mtu mwenye mke. Kombe linabaki kabatini kwa mkuu wa shule, na yule kijana hagusi mpira tena.

Saa 6 na nusu

Chakula. Viazi vitamu, ndizi na maharage, kidogo kidogo. Migebuka, samaki wa ziwa letu, na ugali wa muhogo tumeviahirisha mpaka usiku, maana ugali wa muhogo ukiuingiza tumboni saa saba, saa kumi bado unao.

Saa 7 mchana

Leo ni Ijumaa na hii ni Ujiji. Zaidi ya nusu ya kikosi wanakwenda msikitini. Wenzao Wakristo wanabaki chini ya mwembe na mifuko ya jezi, hakuna anayeigusa mpaka wote warudi. Sikuweka mimi sheria hiyo, waliiweka wao.

Kipa anarudi wa kwanza. Ni mfupi kwa kipa, na amechoka kuambiwa hivyo. Huwa namkumbusha kwamba Juma Kaseja amezaliwa mkoa huu huu, kwamba na yeye walikisema sana kimo chake, na kwamba aliidakia Taifa Stars miaka na miaka. Leo sikumwambia. Ananiambia yeye, "Mwalimu, leo natoka mapema kwenye kona, sisubiri ije." Basi hilo tulilifanyia kazi tangu Februari.

Saa 8 na nusu

Haisi imefika. Mafuta tumechangiana walimu. Tunapita eneo la Mwanga, madirisha wazi, vijana wanaimba, na katikati ya nyimbo wanabishana kama Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, watashinda wikendi hii. Tangu Mashujaa wapande Ligi Kuu mwaka 2023 na mechi kubwa zianze kuja Uwanja wa Lake Tanganyika, mazoezi yangu yamebadilika. Zamani mfano ulikuwa hadithi za wazee: Sunday Manara wa Kigoma, aliyeitwa Kompyuta, na namna alivyokwenda kucheza Ulaya. Sasa kijana anamwona beki wa Ligi Kuu kwa macho yake, Jumamosi, umbali wa nauli ya daladala. Anarudi Jumatatu ananiuliza kwa nini yule beki anatazama nyuma kabla mpira haujamfikia. Swali hilo lina thamani kuliko somo langu la wiki nzima.

Saa 9 na dakika 20

Ukaguzi. Wachezaji wanapanga mstari, picha mkononi, sura kwa sura. Wapinzani wanamwekea pingamizi beki wangu mwenye ndevu. Natoa fomu, natoa nakala ya rejesta, mkaguzi anamuuliza jina la mwalimu wake wa darasa na anajibu. Pingamizi linatupwa. Kijana anatetemeka midomo. Namwambia akanawe uso, asimtazame mtu.

Saa 10 jioni

Mpira umeanza. Uwanja ni mgumu, nyasi ziko pembeni tu, katikati ni kichanga chekundu kinachopandisha vumbi. Wenzetu wana winga wa kulia mwenye mbio ambaye ameshawaumiza wengi msimu huu, na anamkabili kijana wangu wa dagaa. Mara ya kwanza anampita. Mara ya pili anampita tena, krosi inaingia, tunafungwa. Moja bila, jasho halijatutoka bado.

Benchi wananigeukia nimtoe. Simtoi. Namwita namba sita pembeni, namwambia asogee kushoto hatua kumi, amwachie mwenzake nafasi ya kusubiri badala ya kurukia. Nahodha anakwenda, anamshika beki bega, anamwambia neno ambalo silisikii. Baada ya hapo yule winga anapata mpira akiwa amegeukia goli lake mwenyewe, mara tatu mfululizo, na ya nne analalamika kwa refa. Sijawahi kuona beki wa shule akijifunza mbele ya macho yangu kwa kasi ile. Alikuwa anarudi nyuma kwa mguu wa ndani, polepole, anamnyima njia ya katikati na kumwachia ya mstari, kama tulivyofanya kwa koni za chupa za maji.

Mapumziko sikusema mengi. Machungwa, maji, na jambo moja: kila mpira wa kurusha karibu na boksi lao, beki mrefu apande.

Kipindi cha pili kinakwenda hivyo. Mpira wa kurusha, beki mrefu anauparaza kwa kichwa, winga wangu wa Baikal anamalizia kwa goti. Moja moja. Watu wa Ujiji waliokuja kwa baiskeli wanaingia mpaka mstarini, refa anawarudisha. Kipa anatoka kwenye kona na kupiga ngumi mara mbili, kama alivyoniahidi. Halafu, zikiwa zimebaki dakika za lala salama, beki wa kushoto ananasa pasi iliyokusudiwa kwa winga yule yule, anakwenda nayo mwenyewe, hakuna anayemfuata kwa sababu hakuna aliyemtarajia, anampa mshambuliaji mbele ya goli. Mbili moja.

Saa 11 na dakika 50

Sisi ndio mabingwa wa manispaa. Shule nzima iko uwanjani, ngoma zinapigwa, kombe limebebwa na nahodha. Na ndani ya nusu saa hiyo hiyo, jopo la walimu limekaa mezani kuandika kombaini.

Majina yanasomwa kwa sauti. Kutoka kwetu: kipa, beki wa kushoto, beki mrefu, winga, mshambuliaji. Nahodha hayumo. Namba sita wawili waliochukuliwa ni wazuri kweli, wana nguvu na mashuti. Siwezi kusema jopo limeonea. Lakini kwenye meza ile hakuna safu ya kuandika kwamba fulani aliwafanya wenzake wacheze, na kijana wa namna hiyo ukimtoa katika timu yake, ubora wake haumfuati. Mfumo wa kombaini unapata wachezaji na unavunja timu. Naelewa sababu: mkoa unataka kikosi chenye nguvu, na fedha za kupeleka shule nyingi hazipo. Bado naona hasara. Vijana wanafundishana kucheza pamoja kwa miezi, na siku wanapoweza, tunawatawanya.

Nahodha anawapa mkono wote watano, mmoja mmoja. Beki wa kushoto hana njumu zake, msimu mzima alivaa za kuazima. Nahodha anavua zake, anagonga vumbi, anamkabidhi. "Kambini watakuuliza," anamwambia. Kisha ananigeukia. "Mwalimu, Jumatatu mazoezi yapo?"

"Yapo," nimemjibu, kabla sijafikiri ni mazoezi ya nini.

Saa 2 usiku

Nimewafikisha wote makwao. Mama wa mwaloni alikuwa barazani. Nimemweleza habari ya kambi ya kombaini, siku ya kuondoka, na barua ya ruhusa anayotakiwa kuitia saini. Ameuliza nani ataanika dagaa. Nahodha, aliyekuwa bado kwenye haisi, ametoa kichwa dirishani akasema atapitia yeye asubuhi.

Saa 3 na nusu usiku

Nimekaa na simu. Nimewaandikia walimu wa michezo wenzangu wa manispaa: kombaini ikishaondoka, waliobaki tusiwaache wakae. Kuanzia Julai tucheze wenyewe kwa wenyewe, shule kwa shule, Jumamosi asubuhi, bila posho wala kombe, kila shule ije na mpira wake na chakula chake, na wa kidato cha nne waachwe huru Oktoba kwa ajili ya mtihani. Nimependekeza mechi ya kwanza iwe pale mwaloni, kwenye mchanga, ambako kila mtu anafika kwa miguu.

Wanne wameshajibu. Watatu wamekubali. Wa nne, yule tuliyemfunga leo, ameandika: "Tunakuja. Lakini yule namba sita wenu awepo."