Programu ya mauzo iliyoachwa Lubumbashi, na jinsi nilivyoirudisha kazini

Duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Lubumbashi, Kongo, liliacha programu yake ya mauzo. Kila niliyemuuliza dawa yake alinipa ushauri uleule: nunueni kompyuta mpya, ongezeni intaneti. Ushauri mbovu! Duka hilo lilikuwa na mashine nzuri tu. Programu iliachwa kwa sababu aliyeitengeneza alidhani droo ya duka ina pesa ya aina moja, kumbe ina dola na franka za Kongo pamoja.

Chukua mauzo ya dola 33. Mteja anatoa noti ya 50. Keshia anamrudishia noti ya dola 10, na dola 7 zilizobaki anazilipa kwa franka. Tuseme dola ni franka 2,800, basi ni franka 19,600. Programu inaandika 33, basi. Jioni dola zimezidi kwa 7 na franka zimepungua kwa 19,600. Hakuna aliyeiba, ila anayeitwa kujieleza ni keshia, naye anarudi zake kwenye daftari. Mradi umeishia hapo, hata kama kompyuta bado zinawaka.

Kila risiti nikaipa nafasi nne: dola zilizoingia, franka zilizoingia, dola zilizorudishwa, franka zilizorudishwa. Kiwango cha siku cha kubadilisha dola kwa franka kinabaki ndani ya risiti yenyewe. Zamani kiliwekwa mahali pamoja kwa programu nzima, kwa hiyo kikibadilishwa leo, mauzo ya mwezi uliopita nayo yanabadilika thamani. Weka pia mstari wa chenji iliyokosekana, maana noti ya franka 100 haipatikani kila mara na mteja anaondoka na 19,500.

Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kwa kosa la ukoo huohuo: programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa pauni, nyingine ikazisoma kama nyutoni.

Wateja wa mkopo wape nafasi ya majina matatu. Ukiweka mbili, leo atataja majina haya, kesho mengine, na mtu mmoja ataandikwa mara mbili na deni lake litagawanyika.

Na daftari usimnyang'anye keshia. Nilimwambia, "Mama, endelea kuandika, jioni tunalinganisha." Penye tofauti tulitafuta risiti yenyewe, na mara nyingi mwenye haki alikuwa daftari. Aliliacha mwenyewe hesabu zilipokubaliana. Sasa analitoa umeme ukikatika tu, na mauzo hayo huingizwa baadaye kwa kiwango cha siku yalipofanyika, si cha siku umeme uliporudi.