Shahada bila karo: kijana wangu na uanagenzi wa Uingereza

Tuliokuja Uingereza na viza ya kutunza wazee tuna swali ambalo hatupendi kuliuliza mbele ya watoto: huyu akimaliza sekondari, chuo kikuu nitamlipia na nini? Mwanafunzi wa hapa hutozwa pauni 9,535 kwa mwaka (2025/26), na serikali humkopesha. Wetu, ambaye bado hana ukaazi wa kudumu, kwa kawaida huhesabiwa mgeni. Uhandisi kwa mgeni unaweza kuvuka pauni 20,000 kwa mwaka, na mkopo hapati. Kwa mshahara wa kuogesha wazee alfajiri, hesabu hiyo haijibiki.

Sisi tulifika 2022, familia nzima, kabla serikali haijawazuia watunza wazee kuja na watoto wao Machi 2024. Mwanangu alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, mwalimu wake ndiye aliyemtajia uanagenzi wa shahada (degree apprenticeship). Nikasikia "uanagenzi", nikafikiria gereji za Kisauni kule Mombasa. Kumbe mpango huu, ulioanza England 2015, ni kitu kingine kabisa. Kijana anaajiriwa, analipwa mshahara, sehemu ya muda wake anasoma chuo kikuu, na baada ya miaka mitatu hadi sita ana shahada kamili. Karo si juu yake. Tangu Aprili 2017, kampuni zenye jumla ya mishahara inayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa 0.5% kwa ajili ya mafunzo, na zisipoitumia pesa hiyo kwa muda uliowekwa, zinaipoteza. Kwa hiyo si sadaka.

Na sharti lake kwetu ni jepesi kuliko la chuo. Mwenye ruhusa ya kuishi hapa isiyo ya masomo, akiwa amekaa nchini miaka mitatu kabla ya kuanza, anaweza kukubaliwa. Mkimbizi aliyetambuliwa hangoji hata hiyo mitatu. Mwenye viza ya mwanafunzi asijisumbue.

Lakini kuruhusiwa kuomba na kupata ni mambo mawili. Nafasi za kampuni kubwa za magari, injini na benki zinagombaniwa kuliko viti vya vyuo vingi. Kuna fomu, kisha majaribio ya hesabu mtandaoni, kisha usaili wa video, kisha siku nzima ya kupimwa mkiwa kundi. Kampuni zinazotengeneza vifaa vya kijeshi mara nyingi hutaka pia ukaguzi wa usalama, na hapo miaka mitatu haitoshi.

Usaili wa video ndio ulionitoa jasho. Hakuna mtu upande wa pili. Swali linatokea kwenye skrini, sekunde zinahesabika kurudi nyuma, kisha taa ya kamera inawaka na unajibu. Nilimfungia mdogo wake jikoni na sahani ya chapati ili anyamaze. Swali likaja: eleza siku uliyoongoza wengine. Mtoto akasema hajawahi kuongoza. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, nikataka kuingia! Huyu ndiye anayewasomesha watoto wa madrasa Jumamosi, ndiye anayebishana na kampuni ya gesi kwa niaba yangu, ndiye anayebaki na mdogo wake nikiwa zamu ya usiku. Lakini tumemlea asijisifu, naye hakujisifu. Hiyo nafasi ilikwenda. Baada ya hapo tulikaa mezani tukaandika hayo yote, kila moja na lilivyoanza, alichofanya na lilivyoisha, akawa anayasema kwa sauti mbele ya kioo.

Kampuni moja ilimpitisha hatua zote, ikauliza viza yake inaisha lini, ikanyamaza kabisa. Kwa hiyo, wazazi, huisheni viza mapema mnavyoruhusiwa, na barua ya mwajiri wenu iwe tayari. Matangazo ya nafasi hizi hutolewa kuanzia Septemba, na baadhi hufungwa nafasi zikijaa, hata kabla ya tarehe iliyoandikwa. Maombi ya chuo kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu, ni njia nyingine; yote mawili yanaweza kwenda pamoja.

Mwishowe amepata ofa ya uhandisi wa umeme huku Midlands. Jana kaniuliza kama atatakiwa kuchangia nyumbani. Nimemwambia bili ya gesi ni yake, maana wale watu anawajua vizuri kuliko mimi.