Vibao vipya vya rafu katika maktaba yetu

Maktaba ninayofanyia kazi hapa Mbeya hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876 na kuyagawa maarifa yote katika makundi kumi, kuanzia 000 hadi 900. Mfumo huo naupenda, kwa sababu namba zake humwezesha mkutubi kurudisha kila kitabu mahali pake bila kubahatisha. Hata hivyo, namba ni chombo cha mkutubi, na kwa muda mrefu rafu zetu zilimsemesha msomaji kwa namba tupu, au kwa jina la jumla kama "Sayansi Tumizi", ambalo mkulima aliyefuata kitabu cha parachichi hana sababu ya kulihusisha na shamba lake. Ndiyo maana tumeviondoa vibao vya zamani na kutengeneza vingine.

Kabla ya kukata ubao wowote tuliweka daftari mezani, tukawa tunaandika kila swali kama msomaji alivyolitamka. Mzee mmoja kutoka Rungwe, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alisema kwa sauti ya chini, "Samahani mwanangu, nisikusumbue, vitabu vya parachichi mnaviweka wapi?" Swali lake liliandikwa hivyo hivyo. Wapo wengi ambao hawaulizi kabisa, hasa vijana, kwa kuogopa kuonekana hawajui. Hao huzunguka kidogo kati ya rafu kisha huondoka, na ni kwa ajili yao zaidi kwamba kibao kinatakiwa kusema waziwazi. Katika kilimo, kahawa iko 633.73, parachichi 634.653, viazi mviringo 635.21 na nyuki 638.1, kwa hiyo tuliandika kibao kikubwa cha "Kilimo na Ufugaji", na chini yake vidogo vinavyotaja mazao yenyewe kwa majina yanayotumika sokoni, huku namba ikikaa pembeni kwa herufi ndogo.

Jambo lililonigusa zaidi ni nafasi ya Kiswahili. Katika mfumo huo Kiingereza kimepewa 420 yote, ilhali Kiswahili kimesukumwa hadi 496.392, na fasihi yake iko 896.392, karibu na mwisho wa kundi la 800, baada ya Wamarekani, Waingereza, Wajerumani, Wafaransa na wengine wengi. Haifai msomaji wa Mbeya azipite fasihi za mataifa hayo yote ndipo azifikie riwaya za lugha anayoiongea kutwa. Hatukubadilisha namba hata moja, kwa kuwa kufanya hivyo kungevuruga katalogi nzima, lakini kibao cha "Riwaya, Tamthilia na Ushairi wa Kiswahili" tulikifanya kikubwa kuliko vyote na kukielekeza mlangoni.

Vibao vyenyewe ni vya plaiwudi inayotoka Mufindi. Karatasi hatukuitaka tena, kwa sababu mvua za huku huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na unyevu huo huikunja hata karatasi iliyofanyiwa laminesheni, ukianzia kwenye kingo. Ubao ulipigwa msasa, ukapakwa rangi nyeupe isiyong'aa ili mwanga wa dirishani usiyafiche maandishi, kisha herufi nyeusi zikachorwa kwa stensili. Kuhusu ukubwa, tulifuata kipimo kinachotumiwa na waandishi wengi wa mabango, yaani herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Kibao kinachopaswa kusomeka kutoka mita 9 kilihitaji herufi za sentimita 7.5, jambo lililotulazimu kufupisha baadhi ya majina.

Katika kuvifunga, tulisisitiza kwa fundi kwamba vibao vikubwa vichomoze kutoka ubavuni mwa rafu kwa pembe za chuma, vielekee njia, kwa kuwa kibao kilicholala bapa juu ya vitabu humsaidia tu mtu aliyekwisha kufika mbele yake. Skrubu ziliingizwa kwenye nguzo za rafu, baada ya kutoboa tundu dogo kwa kekee, maana mbao ya paini hupasuka kwa urahisi karibu na ncha. Kwenye rafu za chuma tulitumia sumaku.

Vibao vidogo havikufungwa kabisa. Vinapenya katika vishikizi vya mbao kwenye ukingo wa rafu, kwa sababu vitabu huongezeka na kusogea, na mkutubi anapohamisha vitabu vya nyuki kwenda rafu ya chini anatakiwa aweze kuhama na kibao chake papo hapo, bila kumsubiri fundi. Sasa tunaandaa vya kona ya watoto, ambavyo vitafungwa chini zaidi, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili, kila kimoja kikiwa na picha kando ya neno.