Chukua Hii ya Ng'ombe

Kuna "aaa" moja haijanitoka masikioni tangu Jumamosi. Wiki hii Baba Neema kapata barua ya uhamisho kwenda Mpanda, wakaguzi wamepiga kambi ofisini mpaka tunakunywa chai kwa zamu, wifi yangu kavishwa pete, na mimi usiku huu nimekaa sebuleni naandika habari za kijana wa duka la dawa za mifugo. Mnaonijua mtanivumilia.

Ilikuwa hivi. Ijumaa jioni Kamanda, mbwa wetu, alinusa ugali wake wa dagaa, akauacha, akaenda kujilaza chini ya mpera. Wa siku nyingi hapa mnamfahamu Kamanda, hana historia ya kuacha sufuria. Asubuhi bado yuko pale pale, mkia anautikisa kwa heshima tu. Nikamwita Dokta, yule binti wa SUA, chuo kikuu cha kilimo, anayepanga chumba cha uani. Yuko mwaka wa nne, udaktari wa mifugo, na kila tukimwita Dokta anasema "bado, dada", lakini jina limeshaganda.

Dokta akachuchumaa, akampandisha mdomo wa juu. "Angalia hapa, dada." Akabonyeza ufizi kwa kidole gumba, akaachia. Kwa mbwa mzima, anasema, pale unapobonyeza panakuwa peupe halafu wekundu unarudi hata kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Wa Kamanda ulichelewa, na ufizi wenyewe ulikuwa umepauka. Kisha akamfunua sikio. Huko ndani, kwenye mkunjo, walijipanga kupe: wakubwa wa kijivu walioshiba hadi miguu haionekani, na wadogo bapa wa kahawia waliokuwa ndiyo kwanza wanatafuta pa kukaa. Kati ya vidole vya miguu, vivyo hivyo. Mvua za mwaka huu zimetuletea majani na hao pamoja.

"Jumatatu apelekwe akapimwe damu," akasema. "Kwa leo tafuta dawa ya kupe ya matone, ya kumdondoshea shingoni. Na mwambie muuzaji una paka."

Nikatoka nilivyo. Ilikuwa siku ya kufua, nina kanga, yeboyebo, na povu la sabuni bado kiwikoni. Dukani alikuwepo kijana wa kaunta na baba mmoja wa makamo aliyeshika funguo za gari. Nikasalimia.

"Karibu, mama."

"Asante. Nataka dawa ya kupe ya mbwa, ile ya matone."

Akavuta kiboksi kabatini. Kabla hajakiweka mezani akauliza, "Mbwa mbegu gani?"

"Wa kienyeji."

"Aaa." Kiboksi kikarudi kabatini. Sikuambiwa hata bei. Akainama chini ya kaunta, akatoka na chupa yenye picha ya ng'ombe. "Basi chukua hii ya ng'ombe, mama. Unachanganya kifuniko kimoja kwenye ndoo, unamwogesha. Kwa mbwa wa kienyeji inatosha kabisa."

Nikasema lile la madukani tunalolijua sote: "Haya, nitarudi." Nikatoka. Mlangoni nikamsikia anamgeukia yule baba, "Karibu, mkuu."

Basi. Hakunitukana, hakupandisha sauti, hata mama kaniita. Sasa kwa nini nimeirudia hii picha kichwani nikiwa napanga faili za wakaguzi, nikiwa kwenye bajaji, nikiwa nakoroga uji? Kila nikiirudia nampa jibu jipya. Usiku wa Jumamosi nilimjibu hivi: ndugu yangu, dawa inapimwa kwa kilo. Ungeniuliza ana kilo ngapi, ana umri gani, anakula, anatapika. Mbegu ina kazi gani hapo? Tena nikamuuliza Dokta kabisa, kama vile nina kesi mahakamani, kuna dawa inayoangalia mbegu? Akasema ipo. Wale kolie, mbwa wa kuchungia kondoo kutoka Uskoti, wengi wao wamezaliwa na kasoro inayofanya ivamektini, ile dawa ya minyoo, ikiwa nyingi iwapande kichwani na kuwaua. Kwa hiyo mbegu inayodhurika na dawa ya bei rahisi ni ile ya kizungu! Nilifurahi sana, kana kwamba Kamanda ndiye kashinda.

Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, nikapata jibu la pili. Kuna paka nyumbani, kijana. Baadhi ya dawa hizi za matone za mbwa zina permetrini. Mbwa haimdhuru, paka inamtetemesha mpaka kufa. Na Nyau wetu analala mgongoni kwa Kamanda kila usiku, kila mtu mtaani anajua. Swali la paka lingeweza kuokoa roho. Hukuuliza. Uliuliza mbegu.

Na hiyo ya ng'ombe? Dokta alisoma jina nililoandika kiganjani. Ni amitrazi. Akasema amitrazi yenyewe madaktari hutumia hata kwa mbwa mwenye ukurutu, ila kwa kipimo chake na kwa uangalizi. Hicho kifuniko kimoja kwenye ndoo, ndoo ya ukubwa gani? Ya lita kumi au ishirini? Mbwa akiogeshwa anajilamba. Akilamba nyingi analegea, anasinzia, mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa. Mbwa ambaye tayari damu imepungua. Nilimsikiliza huku nimeshika kiuno.

Jibu la tatu ndilo nililipenda zaidi, lilikuja saa nane usiku. Huko Kongo kuna mbwa wa vijijini wa kuwindia, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, habweki kama hawa wetu, na wawindaji humfunga kengele ili wamsikie vichakani. Waingereza wakawachukua miaka ya 1930 wakawafuga kwao, na miaka ya 1940 chama cha mbwa cha Marekani kikawaandikisha rasmi. Leo anaitwa basenji, ana vyeti vya ukoo, na kumnunua huko ni mshahara wangu wa miezi. Mbwa wa kijijini yule yule, kapanda meli tu. Nilitaka nimwamshe Baba Neema nimweleze. Nikamwacha, ana Mpanda yake ya kuota.

Ila nikawa sijalala bado, na hapo ndipo likaja lingine ambalo sikulialika. Yule kijana hakumwona Kamanda. Kamanda alikuwa nyumbani chini ya mpera. Alichokiona pale kaunta ni kanga, yeboyebo na povu. Nadhani bei ya kile kiboksi aliikata mwenyewe kichwani, akaona si saizi yangu, akanihurumia. Ningekuja na nguo za ofisini nikasema "wa kienyeji", pengine angeniuliza, "Ni chotara au?" Hiyo ndiyo inayowasha. Na nikifikiria kwamba labda alitaka kunisaidia nisitumie hela nyingi, inawasha zaidi.

Jumapili jioni nikampigia mama Kilosa, kumsalimia na kumpa habari za uhamisho. Za uhamisho tukamaliza upesi, nikamwagia habari za dukani, kuanzia kiboksi mpaka mkuu. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa mama si la kawaida.

"Sasa Mama Neema, Kamanda si wa kienyeji?"

"Ni wa kienyeji, mama, lakini..."

"Lakini nini? Hata wewe ni wa kienyeji. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa wa kienyeji." Kimya kidogo. "Mimi huku nikisema kuku wangu ni wa kienyeji, wateja wanapandisha bei wenyewe. Mwambie huyo kijana aje nimfundishe biashara."

Nilicheka mpaka Kamanda akainua kichwa kule uani. Kwa kweli, kuku akiwa wa kienyeji anapanda bei, mbwa akiwa wa kienyeji anashuka. Nani alikaa akapanga hivyo?

Jumatatu nikaomba ruhusa ya nusu siku, wakaguzi wakanitazama. Dereva wa bajaji alidai nauli ya Kamanda pembeni, "huyu naye ni abiria, dada," na njia nzima akawa anamwangalia kwenye kioo. Hospitali ya wanyama pale chuoni wakampandisha kwenye mizani: kilo kumi na tisa. Nyumbani tunapima kwa kusimama naye juu ya mizani yangu kisha naondoa uzito wangu. Sasa nimegundua namba zao na zetu zinapishana, na Baba Neema anadai kosa liko upande wangu wa hesabu. Daktari, kaka mmoja mpole, akatoa damu mguu wa mbele, akarudi na jibu: chembe za kugandisha damu zimeshuka, dalili zote za homa ya kupe, erlikia. Akasema tumewahi, wengine huletwa damu ikiwa inatoka puani. Kwenye ile fomu pameandikwa "Aina". Hakuniuliza, akajaza mwenyewe. Nilijizuia nisichungulie.

Tumepewa doksisaiklini kwa wiki nne. Amesisitiza wiki nne hata akianza kurukaruka kesho, na kila kidonge kiende na chakula na maji, kisimkwame kooni kikamchoma. Nimemuuliza kuhusu panadoli ya homa, maana kila mtu mtaani ananishauri nimpe, akasema dawa za maumivu za watu zikae kabatini kwa watu, hasa ibuprofeni.

Kidonge tumepata ufundi wake kwa Dokta, jaribuni. Tonge tatu ndogo za ugali uliopakwa mchuzi wa dagaa. La kwanza tupu, analimeza akiwa na furaha. La pili lina kidonge. La tatu limeshikwa mbele ya pua yake tayari, kwa hiyo la pili analimeza mbio ili aliwahi la tatu. Junior ndiye mwenye hiyo kazi sasa, na anaifanya akiwa ameweka uso wa daktari bingwa.

Kupe waliobaki tunawatoa kwa kibano, tunamshika karibu kabisa na ngozi, tunavuta moja kwa moja bila kuzungusha, anaingia kwenye kichupa cha spiriti. Baba Neema alikuja na kibatari na mafuta ya taa kama walivyokuwa wakifanya kwao. Dokta akamwambia kwa adabu kwamba kupe akikereka anaweza kutema mate zaidi ndani ya ngozi, na mate ndiyo yenye ugonjwa. Akarudisha kibatari. Ugumu ulikuwa miguu, Kamanda hataki kushikwa miguu, anavuta na kunguruma. Junior akaanza kwa kugusa bega, dagaa mmoja. Akashuka gotini, dagaa. Kidole, dagaa wawili. Kufikia jana Kamanda anakuja mwenyewe, anakaa, ananyoosha mguu wa mbele kabla hajaambiwa. Dagaa wa kilo nzima wamekwisha, lakini sina malalamiko.

Halafu kuna kibanda chake. Kupe hawa wa mbwa wanapenda nyufa, wanapanda ukutani, jike akishiba anadondoka anakwenda kutaga maelfu ya mayai kwenye ufa, kwa hiyo kumtibu mbwa ukaacha kibanda ni kufagia huku mvua inanyesha ndani. Baba Neema kaacha kupanga mizigo, kashika mwiko na saruji, anaziba nyufa za kibanda. Nimemwangalia dirishani, sikumuuliza Kamanda atakwenda Mpanda au atabaki. Hiyo tutaiongea siku nyingine.

Leo kala. Sufuria nzima, na akalilamba mpaka likasogea hadi mlangoni kwa Dokta. Matone nilinunua hospitali. Lile duka liko njiani kwangu na lazima nitapita tena, kuku wa mama wanahitaji chanjo ya mdondo mwezi ujao, na yeye keshaniagiza.

Sasa kinachonisumbua ni sare za kicheni pati ya wifi. Mimi ndiye mweka hazina wa kamati, vitambaa vya watu wote viko kwa fundi, shughuli ni Jumamosi ijayo, na tangu juzi fundi hapokei simu. Nimepita kibandani kwake leo mchana, pamefungwa, na jirani yake anasema hata yeye anamdai.