Zawadi ya Mwalimu Mwisho wa Mwaka: Uzoefu Wangu

Mwanangu alipokuwa darasa la nne katika shule moja ya serikali hapa Dar es Salaam, nilifanya kosa ambalo bado ninalikumbuka kwa uchungu. Wiki moja kabla ya upimaji wa kitaifa nilimpelekea mwalimu wake wa darasa bahasha yenye shilingi 30,000, nikiamini kwamba ninamshukuru kwa kumvumilia mtoto aliyechelewa kujua kusoma. Mwalimu alinirudishia kwa mikono miwili. "Mama, nakushukuru sana," aliniambia, "lakini nikiipokea leo, kesho nikimsifia mwanao au nikimkanya, mimi mwenyewe sitajua ninafanya hivyo kwa sababu gani." Nilirudi nyumbani nimeona haya, ila nilimheshimu zaidi ya awali.

Kwa hiyo Desemba ilipokaribia nilianza upya, na safari hii nilishauriana na wazazi wenzangu. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na wazazi wengi wa darasa letu ni watu wa kipato kidogo. Sikutaka shukrani yetu igeuke mchango wa lazima kwa mlango wa nyuma. Tulikubaliana kwamba anayependa atoe kiasi kisichozidi shilingi 2,000, kwamba orodha ya waliotoa isisomwe popote, na kwamba watoto wote waandike majina yao kwenye kadi moja, awe mzazi wake ametoa au hakutoa. Nilimweleza mwalimu mkuu mapema, naye akaomba zawadi zitolewe hadharani, siku ya kufunga shule, baada ya ripoti za wanafunzi kugawiwa. Kwa kuwa mwalimu wetu ni Mwislamu, kadi haikutaja Krismasi, bali shukrani ya mwisho wa mwaka.

Nilichagua doti ya kanga, kwani kanga haina kipimo cha mwili na hakuna nyumba isiyokuwa na kazi nayo. Hata hivyo, kanga husema, na hapo ndipo nilipotumia karibu asubuhi nzima Kariakoo. Muuzaji alinikunjulia moja ya rangi ya chungwa iliyonivutia mno, na nilikuwa tayari nimeshika pochi nilipoinama kusoma jina lake: "Hasidi hana sababu". Mwalimu angejiuliza ni nani hasidi, yeye au mimi, na walimu wenzake wangejiuliza zaidi. Nyingine, yenye mapambo mazuri, iliandikwa "Asante ya punda ni mateke", nayo sikuhitaji kuifikiria mara mbili. Kisutu nilikiacha kwa sababu ni vazi linalokwenda na harusi. Hatimaye nilipata ya kijani yenye maneno "Wema hauozi", nikailipia shilingi 12,000 bila kuvutana sana juu ya bei.

Mwalimu wa hisabati, ambaye ni mwanamume, alinisumbua kidogo. Shati lingehitaji vipimo ambavyo haikunipasa kuviuliza, nami sikutaka kurudia habari ya bahasha. Mwanangu ndiye aliyenikumbusha kwamba mwalimu huyo huandika ratiba zake nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani; tukamnunulia shajara ya mwaka uliokuwa unaingia na kalamu mbili nzuri.

Barua nilimwachia mwanangu aandike mwenyewe, na sikuirekebisha hata pale alipokosea herufi, kwa kuwa mwaka mmoja nyuma asingeweza kuandika mistari ile minne.

Siku ya kufunga, mwalimu aliipokea kanga mbele ya darasa zima na wazazi waliokuwepo. Aliikunjua palepale, akatafuta maandishi kwanza kabla ya kutazama rangi, akayasoma kwa sauti, kisha akajitanda upande mmoja juu ya gauni lake na kuendelea kuwaaga watoto mmoja mmoja mlangoni.